UZI: Failova imepita, VIP imehama, lakini matawi hayapati kitu

FundiWaMvita

Asalam aleikum wadau. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni. Nataka tuongee failova, ile ya kweli sio ya kwenye karatasi ya tenda, manake hapa Mombasa ofisi kibao zina seva mbili kwenye raki moja, mwenye ofisi ashaambiwa moja ikifa nyingine inashika, amelipa pesa yake halali, halafu siku stima ikipotea ndo anagundua alichouziwa ni seva mbili tu, failova hakuna.

Kisa kiko hivi. Kuna ofisi ya kutoa mizigo bandarini upande wa Shimanzi, jina tuliache, ina nodi mbili za Linux, yaani seva mbili, zote zina HAProxy mbele (programu inayopokea maombi na kuyagawa) na Keepalived, programu inayolinda IP moja ya pamoja ili ihame nodi ikifa, tuiite VIP, 10.20.0.10. Nodi A ndo ya kazi, kipaumbele 150. Nodi B ndo ya akiba, kipaumbele 100. Zote zimeandikwa `state BACKUP` na `nopreempt`, yaani A ikianguka kisha ikirudi isimpokonye B, ingoje. Kwa kusoma konfigi tu ni mpangilio safi. Watu wa ofisini wanaifikia VIP moja kwa moja kupitia swichi, watu wa matawi ya Changamwe na Mariakani wanakuja kupitia ruta.

Stima ikapotea, betri ya UPS ya A ilikuwa imechoka, A ikazima. B ikashika, hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Stima ikarudi, A ikawaka. Hapo ndo balaa likaanza, ofisini kazi inaenda kama kawaida, matawi yote mawili hakuna kitu. Kila mtu analaumu laini ya intaneti, fundi wa laini anapima laini yake iko fiti, ping kutoka tawini hadi ruta inajibu, ping hadi nodi A kwa IP yake mwenyewe inajibu, ping hadi VIP kimya. Malori yamepanga foleni na karani wa Mariakani hawezi kuchapa karatasi hata moja.

Nikaitwa. Kitu cha kwanza niliangalia ni nani ameshika VIP, `ip addr` kwenye A inaonyesha ipo, kwenye B haipo. Sawa, ameshika mmoja tu, hakuna ugomvi. Lakini `nopreempt` si iko? A imepata wapi ruhusa? Hilo nikaliweka pembeni kwanza. Nikaingia kwenye ruta nikatoa jedwali la ARP, ile orodha ya IP ipi iko kwa MAC ipi (MAC ni namba ya kadi ya netiweki), mstari wa 10.20.0.10 una MAC inayoishia 7e:b2. Hio ni MAC ya B! Ruta inapeleka pakiti zote za matawi kwa B, na B haina tena hio IP, inazipokea inazitupa. Nikaandika kwenye A `arping -U -I eth0 10.20.0.10`, mstari kwenye ruta ukabadilika papo hapo, Mariakani wakapiga simu kabla sijatoa mkono kwenye kibodi kwamba imerudi.

Maswali ni mawili. A ilishikaje wakati `nopreempt` iko? Na kwa nini ruta haikuambiwa? Mnaoshinda na haya mambo hebu semeni kabla sijaweka jibu.

Kisauni_Root

Wa aleikum salaam kaka. Swali la pili nianze nalo. Kwa wasiojua, VIP ikihama kutoka nodi moja hadi nyingine, nodi mpya inapiga kelele kwenye netiweki nzima kwa ARP ambayo hakuna aliyeiuliza, inasema "hii IP sasa iko kwa MAC yangu". Swichi ikiisikia inajua MAC iko poti gani, ruta na kompyuta zikiisikia zinabadilisha jedwali zao. Kelele hio ikipotea basi kila mmoja anabaki na kumbukumbu yake ya zamani mpaka iishe muda. Kompyuta ya kawaida ya Linux inaanza kutilia shaka kumbukumbu yake baada ya nusu dakika hivi, ndo manake watu wa ofisini hawakuona shida. Lakini Cisco IOS usipoigusa inashika mstari wa ARP sekunde 14400, yaani masaa 4. Masaa manne yakhe, matawi yanangoja.

Kwa hivyo ile kelele ya A ilipotelea njiani. Wapi, sijui, labda swichi ina ulinzi wa poti unaofunga MAC.

BintiTudor

Samahani kaka Fundi, mimi nina swali la chini zaidi. Hii ofisi si ilijaribiwa siku ya kukabidhiwa? Manake hata sisi kazini tulifanyiwa jaribio mbele ya macho yetu, fundi akaandika `systemctl stop keepalived` kwenye nodi ya kazi, ping ikakatika mara moja tu ikarudi, tukapiga makofi tukasaini. Sasa mbona jaribio linapita halafu tukio la kweli linaanguka?

FundiWaMvita

Dada Binti hilo swali ndo roho ya uzi, wallahi. Keepalived ya nodi ya kazi inatangaza kila sekunde kwamba ipo, na ukiizima kwa heshima namna hio, kabla haijafa inatuma tangazo la mwisho lenye kipaumbele 0. Maana yake "mimi naondoka, shikeni". Nodi ya akiba ikisikia 0 haingoji zile sekunde tatu, inangoja kipande kidogo tu kinachotokana na kipaumbele chake, yaani 256 toa 100, gawa kwa 256, kama sekunde 0.6. Stima ikikatika hakuna anayeaga. Akiba inabidi ihesabu matangazo matatu yaliyokosekana, moja kila sekunde, kisha iongeze ile 0.6, jumla kama sekunde 3.6. Hapo bado si mbaya. Ubaya ni kwamba jaribio la kuzima programu haligusi waya, haligusi swichi, haligusi ruta, na wala halijaribu KURUDI. Watu wanajaribu kuanguka, hakuna anayejaribu kurudi. Na kisa changu kizima kimetokea wakati wa kurudi, kuanguka kulipita salama.

Kaka Kisauni umekaribia sana, ni swichi, lakini sio ulinzi wa poti.

Jibu ni STP, ile kanuni ya swichi ya kuzuia pakiti zisizunguke bila mwisho. Poti za seva kwenye ile swichi ziliachwa kama zilivyotoka kiwandani, na swichi yenyewe ni ya ile STP ya zamani. Poti ikiwaka inakaa sekunde 15 ikisikiliza, sekunde 15 ikijifunza, ndo inaanza kupitisha pakiti. Nusu dakika nzima taa ya poti inawaka, seva inaona waya uko sawa, lakini hakuna pakiti inayopita. Sasa fuateni mtiririko. A imewaka, Keepalived imeanza, inasikiliza kama kuna masta, yaani nodi iliyoshika VIP. B anatangaza kila sekunde lakini matangazo yanaishia kwenye poti iliyofungwa. A inangoja sekunde zake tatu na kidogo, haisikii mtu, inasema basi mimi ndo masta. Inaweka VIP, inapiga kelele ya ARP mara tano, baada ya sekunde 5 inarudia tena. Kelele zote zimemezwa na poti iliyofungwa, hakuna hata moja iliyofika kwa ruta.

Sekunde ya 30 poti inafunguka. Wakati huo kuna mamasta wawili. Tangazo la A lenye 150 linafika kwa B mwenye 100, B anaona mkubwa kaja, anashuka, anafuta VIP. `nopreempt` haina kazi hapa, manake hio inamzuia aliye akiba asipokonye, A wakati huo hakuwa akiba, tayari alikuwa masta machoni pake mwenyewe. Na kelele za ARP zilishaisha zamani. Ndo ruta ikabaki na 7e:b2.

Kisauni_Root

Subhanallah. Lakini kaka, Keepalived si ina kitu ya kurudia ARP ikisikia tangazo la aliye chini yake? Ile `garp_lower_prio_repeat`.

FundiWaMvita

Ipo, na kwa kawaida imewashwa. Lakini inategemea nani kasikia kwanza. Poti ikifunguka, tangazo la B likimfikia A kwanza, A anajua kulikuwa na masta mwingine, anarudia kelele ya ARP na kila kitu kinakaa sawa. Tangazo la A likimfikia B kwanza, B anashuka kimya kimya, A hajui kama kulikuwa na mtu, harudii chochote. Kwa hivyo ni bahati, siku moja inakaa sawa yenyewe siku nyingine matawi yanakufa masaa manne. Hizi hitilafu za kuja na kuondoka ndo zinafanya watu waseme "system ina mashetani".

Dawa niliyoweka: poti za seva zote mbili kuwa portfast, hazingoji. Kwenye Keepalived nikaweka `vrrp_startup_delay` ya kutosha nodi ikiwaka isikurupuke, ingoje netiweki itulie. Na `garp_master_refresh 60`, kwa kawaida ni 0 yaani haifanyi kitu, ukiiweka hivo masta anakumbusha netiweki kila dakika kwamba VIP iko kwake. Hio ya mwisho peke yake ingepunguza masaa manne yakawa dakika moja.

mtoto_wa_likoni

mimi bado niko chuo so niwieni radhi, hawa wawili wanasikizana kwa njia gani haswa, na je mtu akiwa kwenye mashine pepe sio seva ya chuma inakuwa sawa tu? manake nilijaribu kwenye leptopu yangu zote mbili zikawa masta hadi nikachoka

Kisauni_Root

Mdogo wangu hakuna cha kuwia radhi. Kanuni yenyewe inaitwa VRRP, matoleo yako kwenye RFC 3768 ya 2004, RFC 5798 ya 2010 na RFC 9568 ya 2024. Haitumii TCP wala UDP, ina namba yake ya protokali, 112, na inatuma kwa anwani ya kundi 224.0.0.18. Sasa fayawali ya mashine yako pengine inaruhusu TCP na UDP tu, 112 haijui, inatupa. Ndo zote mbili zinajiona ziko peke yake. Fungua `tcpdump -ni eth0 vrrp` kwenye kila upande, ukiona matangazo ya mwenzako yanafika basi netiweki iko sawa, lakini jua tcpdump inaona pakiti kabla ya fayawali ya ndani kuitupa, kwa hivyo kuiona sio ushahidi kwamba Keepalived imeipata. Wengi wanapotelea hapo.

Kama multicast, yaani huko kutuma kwa kundi, inasumbua weka `unicast_peer`, kila nodi inamtumia mwenzake moja kwa moja. Mashine pepe zina mambo yake, ukitumia `use_vmac`, yaani VIP iwe na MAC ya pamoja inayoanza 00:00:5e:00:01, VMware inaweza kukataa pakiti za MAC asiyoijua mpaka uruhusu kwenye swichi pepe. Na kwa wingu kama AWS mambo ya kelele za ARP sahau, kule kuhamisha IP ni kwa kuita API yao.

mtoto_wa_likoni

ilikuwa fayawali!! shukran sana bro, sasa moja masta moja bakapu

NyaliPakiti

Nimesoma yote, kazi nzuri kaka Fundi, lakini niruhusu nipinge kitu kimoja. Mnaongea kama failova ni VIP tu. Kwa HAProxy sawa, haina data, mamasta wawili kwa nusu dakika hasara yake ni pakiti kupotea. Lakini nshaona ofisi hapa mjini wamechukua Keepalived ile ile wakaiweka mbele ya databesi ya PostgreSQL, nodi mbili, na skripti ya kupandisha akiba kuwa databesi kuu. Fikiria ule mtiririko wa STP ukitokea hapo. Nusu dakika databesi zote mbili zinakubali kuandikwa. Wahenga washasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa chombo ni stoo ya mteja, risiti zingine ziko huku zingine ziko kule na hakuna njia ya kuziunganisha ila mtu akae chini azisome moja moja.

Na msidhani ni wadogo tu. Tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub, wale wanaohifadhi kodi za programu za watu, walikuwa wanabadilisha kifaa cha nyaya za mwanga (fiber) cha 100G, mawasiliano kati ya kituo chao cha Pwani ya Mashariki ya Marekani na kitovu chao cha netiweki yakakatika sekunde 43. Sekunde arobaini na tatu tu. Mfumo wao wa kupandisha databesi ukafanya kazi yake, ukahamisha ukuu wa databesi zao za MySQL upande wa Magharibi. Laini iliporudi kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hana. Wakaamua kulinda data kuliko kuharakisha, huduma ikayumba masaa 24 na dakika 11. Failova yenyewe haikuanguka, ilifaulu, na kufaulu kwake ndo kukaleta shida.

Kwa databesi mimi nasema bila kumuua mwenzako usishike. Hio ndo inaitwa STONITH.

BintiTudor

Kumuua vipi tena jamani?

NyaliPakiti

Dada, nodi ya akiba ikipoteza mwenzake haijui kama mwenzake amekufa au ni waya tu umekatika. Zote mbili zinaonekana sawasawa ukiwa upande huu, kimya ni kimya. Kwa hivyo badala ya kukisia, inazima umeme wa mwenzake kwanza, kupitia IPMI ya seva, kile kidude cha ndani cha kuizima na kuiwasha kwa mbali, au kupitia ile tofali ya umeme ya raki inayozimwa kwa netiweki, ikipata jibu kwamba amezimika kweli ndo inashika. Pacemaker, programu ya kusimamia klasta (kundi la nodi), inafanya hivo, na bila hio kitu haitakwambia klasta yako iko sawa.

FundiWaMvita

NyaliPakiti nakubaliana na wewe mia kwa mia, VIP peke yake mbele ya databesi mimi siiweki. Lakini hapo kwa IPMI ongeza tahadhari ya hapa kwetu. IPMI inakula umeme wa seva ile ile. Stima ya A ikipotea kabisa, IPMI ya A nayo imekufa, B inatuma "zima A", hakuna anayejibu, B haiwezi kuthibitisha, kwa hivyo inakataa kushika. Yaani tukio linalotokea sana hapa, stima, ndo hilo hilo linaloziba failova! Ni lazima uweke njia ya pili ya kuua, ile tofali ya umeme, au SBD yenye watchdog ambapo nodi inajizima yenyewe ikipoteza mawasiliano. Pacemaker inaruhusu ngazi, jaribu IPMI kwanza ikishindikana nenda ya pili.

Kisauni_Root

Na kura? Nodi mbili hazina wingi, kila mmoja ana kura moja, wakiachana hakuna mshindi.

NyaliPakiti

Ndo hapo. Corosync, inayobeba mawasiliano na kura za klasta, ina `two_node: 1` inayomruhusu mmoja aendelee, lakini hio bila STONITH ni hatari tupu. Bora shahidi wa tatu. Hahitaji kuwa seva kubwa, unaweka `corosync-qnetd` kwenye kamashine kadogo jengo lingine kabisa, inaongea kwa TCP poti 5403, haibebi data, kazi yake kusema nani ana haki. Ukitumia Patroni, programu ya failova ya PostgreSQL, basi ukuu unashikwa kwa ufunguo ndani ya etcd, stoo ndogo ya kumbukumbu ya pamoja, na etcd inataka nodi tatu ili moja ikifa bado kuna wingi. Ufunguo wenyewe kwa kawaida una uhai wa sekunde 30, asiye na ufunguo anajishusha mwenyewe. Kwa hio failova ya Patroni sio ya sekunde tatu kama VIP, na hio ni sawa, kwa data napendelea inayongoja ikahakikisha.

mzee_wa_swichi

Vijana hongereni, nimefurahi kusoma Kiswahili cha kazi. Mimi niongeze la waya tu manake huko ndo nimezeeka.

Ninyi mnasema nodi hazisikizani, mimi nauliza njia ngapi ziko baina yao. Ofisi nyingi utakuta waya mbili, wanasema tumeweka mbili kwa usalama, ukizifuata kwa mkono zote zinaingia swichi moja, na swichi hio imechomekwa UPS moja. Hizo sio njia mbili. Mapigo baina ya nodi, zile ishara za kusema niko hai, yapitie swichi mbili tofauti, au weka waya mmoja moja kwa moja seva kwa seva bila swichi katikati, Corosync inakubali zaidi ya njia moja.

Na hapa kwetu chumvi. Chumba cha seva kilicho karibu na bahari, AC ikizimwa wikendi kwa kubana matumizi, unyevu unaingia, ncha za plagi zinaota kutu ya kijani. Waya haukatiki, unapoteza pakiti hapa na pale. Hio ni mbaya kuliko kukatika, manake klasta inaanza kuyumba, failova inakwenda inarudi, inakwenda inarudi. Nikikuta hivyo sianzi na konfigi, nachomoa plagi naiangalia kwenye mwanga, kisha nasoma makosa ya intafesi kwa `ethtool -S`. Hesabu ya CRC, yaani pakiti zilizofika zimeharibika, ikipanda waya ni mgonjwa.

Hata mambo makubwa ni yale yale. Februari 2012 kebo za Bahari ya Shamu zilikatika, EASSy ikiwemo, watu wakahamia kebo nyingine, TEAMS. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ikatia nanga mahali palipokatazwa hapa hapa nje ya Mombasa, ikakata TEAMS. Aliyekuwa na njia mbili akabaki hana hata moja. Akiba ikishachukua kazi, wewe sasa huna akiba, na watu hawalioni hilo, wanapumua wanakwenda kulala. Ikishashika akiba ndo saa ya kukimbia kutengeneza ile ya kwanza.

FundiWaMvita

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mwisho ningependa kila meneja alisome. Nshakuta nodi ya akiba imebeba kazi muda mrefu kabisa na hakuna aliyejua, manake hakuna aliyeweka onyo la kusema VIP imehama. Keepalived ina `notify`, inaendesha skripti kila hali ikibadilika, iandike hata ujumbe mfupi kwa simu. Ni mistari michache tu.

Kisauni_Root

Nami niweke ya `track_script` kabla sijasahau. Nimekuta mahali konfigi inapima HAProxy, ikifa inapunguza kipaumbele kwa 20. A ni 150, B ni 100. Piga hesabu, 150 toa 20 ni 130, bado A ni mkubwa, HAProxy imekufa na VIP imebaki pale pale kwa maiti. Upungufu lazima uzidi tofauti ya vipaumbele. Hata 50 haitoshi, inakuwa 100 kwa 100 na B hampokonyi aliye sawa naye. Weka 60. Au acha kuweka `weight` kabisa, nodi iingie hali ya hitilafu iachie yenyewe. Halafu `nopreempt` ikiwepo hata hio hesabu ya kupunguza haisaidii, B hatampokonya A aliyeshuka, kwa hivyo mkiwa na `nopreempt` tumieni hio njia ya hitilafu.

BintiTudor

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Kwetu failova ikitokea programu ya mapokezi inaganda, VIP inajibu ping vizuri lakini skrini imeganda hadi mtu aifunge aifungue upya. Mafundi wanasema ni kompyuta nzee.

FundiWaMvita

Sio kompyuta. Muunganisho wa TCP ulikuwa na nodi iliyokufa, nodi mpya haiujui. Programu ikituma kitu, nodi mpya inajibu "mimi sikujui", muunganisho unavunjika na programu nzuri inaunganisha upya. Lakini kama programu ilishatuma ombi lake na imekaa inangoja jibu, haitumi chochote, haitagundua kamwe kwamba aliyekuwa anamjibu hayupo. Linux yenyewe hata keepalive ya TCP ikiwa imewashwa inangoja sekunde 7200 kabla ya kuuliza, masaa mawili. Waambie waandishi wa programu waweke kikomo cha kungoja jibu, na keepalive ishushwe iwe ya sekunde chache. Hii haiko kwenye klasta, iko upande wa mteja wa seva, ndo manake watu wa seva hawaioni.

Kwa fayawali mbili za Linux kuna `conntrackd`, inapeleka orodha ya miunganisho kwa akiba muda wote ili isishtuke. Kwa seva za programu hakuna njia ya mkato.

NyaliPakiti

Kaka Fundi basi tupe namna unavyojaribu wewe, watu wachukue.

FundiWaMvita

Nafanya usiku au Ijumaa wakati wa swala kazi ikipungua, na nawaambia watu wote kabla. Nafungua ping mbili za kuendelea, moja kutoka ofisini na moja kutoka tawini nyuma ya ruta, hio ya pili usiikose, bila hio kisa cha Shimanzi hungekiona. Nachomoa waya wa umeme wa nodi ya kazi, sio kubonyeza kitufe, nachomoa. Naangalia ping zote mbili, naangalia ARP kwenye ruta. Kisha narudisha umeme, na hapa sigusi kitu, nakaa naangalia nodi ikiwaka mpaka zaidi ya dakika imepita baada ya poti kuwaka, naangalia ARP tena. Baada ya hapo nachomoa waya wa netiweki peke yake nikiacha umeme. Kisha nazima swichi. Kisha naiua HAProxy kwa `kill -9` huku nodi iko hai. Kila moja ya hizi ina njia yake ya kuanguka, usidhani ukipita moja zote zimepita.

Kama ni databesi naacha skripti inaandika mstari kila sekunde wakati wote huo, mwisho nahesabu mistari kwenye nodi mpya, nalinganisha na ile iliyojibiwa kwamba imeandikwa. Ikipungua hata mmoja namuonyesha mwenye ofisi kabla hajasaini, aamue kama anataka uandishi wa kungoja akiba ithibitishe, ambao ni wa polepole, au anakubali hasara hio.

BintiTudor

Nimerudi. Nilimpelekea bosi uzi huu, akakubali tujaribu jana usiku baada ya kufunga. Kuanguka kulipita. Kurudi ikawa vile vile ulivyosema kaka, poti iliwaka, nusu dakika baadaye nodi ya kwanza ikabaki na VIP peke yake na ping ya kutoka tawi la Bamburi ikafa, ya ofisini ikaendelea. Jedwali la ruta lilikuwa na MAC ya zamani. Tukaweka portfast na `garp_master_refresh`, tukachomoa tena, safari hii nodi ya kwanza ilirudi ikakaa akiba bila kugusa VIP, Bamburi haikupoteza kitu. Ila tulipozima swichi yenyewe nodi zote mbili zikawa masta, na kuna waya mwingine unapita swichi ya kamera. Hilo bado hatujalielewa, kesho naleta mchoro na logi za pande zote mbili.

mzee_wa_swichi

Lete mwanangu. Na kwenye mchoro usisahau kuandika kila swichi imechomekwa UPS ipi.